Kupima maji ya mito na visima vya Tanga: mwongozo kamili kwa klabu ya shule

Maji ya bomba ya Jiji la Tanga huanza safari yake Usambara Mashariki. Mto Zigi hushuka kutoka upande wa Amani, hupita kwenye mashamba, hukingwa bwawani Mabayani, na kinachobaki huteremka kupitia Amboni hadi baharini. Mitaani nako watu huchota visimani, hasa bomba linapokauka. Mamlaka ya maji hupima maji inayoyasambaza na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani husimamia mito, lakini hakuna ofisi yenye watu wa kutosha kusimama kwenye kila kijito na kila kisima mwezi hadi mwezi. Wanafunzi hupita hapo kila siku wakienda shule. Ndiyo maana sayansi ya wananchi, yaani wananchi wenyewe kukusanya takwimu kwa utaratibu wa kisayansi, inafaa sana kwenye maji.

Kifaa cha bei ndogo mkononi mwa mwanafunzi wa kidato cha pili hutoa takwimu za kuaminika kwa sharti moja: pahali pale pale, namna ile ile, kwa muda mrefu. Kipimo cha siku moja hakisemi mengi, kwa sababu maji hubadilika kwa mvua, kwa saa ya siku na, huku pwani, kwa kupwa na kujaa kwa bahari.

Swali kwanza, vifaa baadaye

Klabu nyingi hununua vifaa kisha hutafuta cha kupima. Anzeni na swali moja linalowagusa watu wa mtaa wenu. Kwa mfano: kisima chetu kina chumvi kwa sababu ya bahari au kwa sababu ya vyoo? Kijito kinachopita nyuma ya soko kinabadilika kiasi gani kati ya kuingia mtaani na kutoka? Mvua za kwanza za vuli zinaleta nini mtoni?

Kisha chagueni vituo vinne, visizidi. Kwa kijito: kimoja juu ya mahali mnapopashuku na kimoja chini yake. Umbali kati ya kituo cha chini na mahali uchafu unapoingilia uwe mita 100 au zaidi, ili maji yawe yamechanganyika. Mkichota kwenye mdomo wa mfereji mtakuwa mmepima mfereji, si kijito. Cha tatu kiwe kisima, na cha nne bomba la shule. Bomba ni la kulinganishia: likionyesha namba ya ajabu siku moja, shukuni kifaa chenu kabla ya kushuku mamlaka.

Kila kituo kipewe jina fupi lisilobadilika (Z1, Z2, K1, B1), kipigwe picha, na alama yake ya ramani iandikwe kutoka kwenye simu kwa tarakimu tano baada ya nukta. Latitudo ya Tanga ni karibu 5.07 kusini mwa ikweta, kwa hiyo huandikwa -5.07. Mkisahau hiyo alama ya kutoa, kisima cha Makorora kitaonekana kusini mwa Ethiopia. Kosa hili hutokea mara nyingi mno.

Ruhusa na usalama

Mkuu wa shule aandike barua kwa ofisi ya kata na kwa mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji. Mwenye kisima aombwe mwenyewe, ana kwa ana, na aelezwe tangu mwanzo kwamba matokeo ataambiwa yeye kabla ya mtu mwingine. Wanafunzi walete ridhaa ya wazazi.

Kuhusu maji yenyewe, hatari ya kwanza huku kwetu ni kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa maji baridi na kupenya ngozi, na kile cha mkojo hutoka kwa wingi jua likiwa kali, kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana. Basi nendeni mapema, vaeni gambuti na glovu ndefu, na asiingie mtu majini peku hata kwa dakika moja. Aliyelowa ajifute na taulo palepale, asisubiri kukauka. Waulizeni wavuvi na wachota maji kuhusu mamba, na jibu lao liheshimiwe. Mvua ikinyesha milimani mto unaweza kujaa huku chini jua likiwaka. Maji yakianza kubadilika rangi na kubeba majani, ondokeni. Daraja ni mahali pazuri pa kupimia: ndoo na kamba vinatosha na hakuna anayekanyaga maji.

Vifaa

Seti ya kuanzia ni hii: kipimajoto cha spiriti (cha zebaki kisitumike, kikivunjika hakuna wa kuisafisha), kalamu ya kupima upitishaji umeme wa maji, karatasi za pH (kipimo cha uasidi wa maji), karatasi za nitrati, bomba la kupimia uangavu, chupa za kupima bakteria, ndoo ya lita 5 yenye kamba, chupa safi za nusu lita, saa, penseli na fomu. Kalamu ya wino isitumike, huchuruzika.

Bomba la uangavu mnaweza kulitengeneza. Tafuteni bomba angavu la plastiki lenye urefu wa sentimita 60 hadi 100 na upana wa sentimita 4 au 5. Zibeni upande mmoja kwa kifuniko na silikoni. Ndani, chini kabisa, gundisheni kipande cha plastiki cha duara kilichogawanywa robo nne, mbili nyeusi na mbili nyeupe, kwa rangi ya mafuta. Nje bandikeni utepe wa fundi cherehani, sifuri ikianzia usawa wa duara. Acheni silikoni ikauke siku nzima kabla ya kutia maji.

Karatasi za kupimia zina adui mmoja Tanga: unyevu wa upepo wa bahari. Kopo likikaa wazi nusu saa, karatasi huanza kubadilika rangi kabla hazijagusa maji. Toeni moja, fungeni, kisha ndiyo mpime. Wekeni kopo ndani ya dumu dogo la mfuniko mgumu pamoja na vifuko vile vya kukausha vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na andikeni tarehe ya kuisha kwa maandishi makubwa.

Siku na saa

Kwa vituo vya maji baridi, chagueni siku moja ya mwezi, kwa mfano Jumamosi ya kwanza, na saa moja ya asubuhi isiyobadilika. Saa ina maana. Mimea ya majini hutoa oksijeni na kutumia kaboni dayoksaidi mchana, kwa hiyo maji yaleyale yanaweza kuwa na pH ya juu alasiri kuliko alfajiri bila mtu kumwaga kitu.

Kituo kilicho karibu na mdomo wa mto, kama sehemu ya chini ya Zigi au Mkulumuzi, hakiendi kwa saa; kinakwenda kwa bahari. Maji yakijaa mtapima bahari, yakipwa mtapima mto. Njia rahisi ni kufuata mwezi: kila mara nendeni siku ya pili baada ya mwezi mpevu. Hizo ni siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa kuliko siku nyingine, na kupwa kwake hurudi karibu saa ileile kila mwezi, kati ya asubuhi na adhuhuri. Msikitini na kwenye kalenda za ukutani mtapata tarehe ya mwezi mwandamo bila shida, mhesabu kutoka hapo hadi mwezi mpevu. Maji mafu, yaani siku bahari inapojaa na kupwa kidogo tu, yaepukeni, au angalau yaandikwe.

Ongezeni safari mbili zisizo za ratiba: mvua kubwa ya kwanza ya vuli na ya kwanza ya masika. Maji hayo husomba kilichokaa ardhini miezi kadhaa, na mara nyingi ndiyo machafu kuliko yote ya mwaka.

Kuna jambo ambalo huharibu mfululizo mzuri wa takwimu: likizo. Juni na Desemba wanafunzi hutawanyika, na mapengo hayo hubaki milele. Wateueni mapema wanafunzi wanaoishi karibu na vituo, wawili kwa kila kituo, na mwalimu abaki na fomu na vifaa mahali wanapoweza kuvifikia.

Kuchota sampuli

Mtoni, chota katikati ya mkondo na si pembeni kwenye maji yaliyotuama. Elekea kule maji yanakotoka, mkono ukiwa mbele yako, ili tope unalolitimua lisiingie chupani. Suuza chupa mara tatu kwa maji ya hapohapo, maji ya kusuuzia uyamwage nyuma yako. Zamisha chupa mdomo ukiwa chini hadi kina cha sentimita 20 hivi, igeuze ijae, ifungie majini. Mto ukiwa na kina kidogo, chota katikati ya uso na sakafu bila kugusa chini.

Kisima cha pampu kipigwe dakika tano kabla ya kuchota, kwa sababu maji yaliyolala bombani si ya kisima. Kisima cha ndoo tumieni ndoo ya mwenyewe. Hayo ndiyo maji ambayo watu wanakunywa. Andikeni lakini kwamba ni ndoo na kamba, maana kamba inayoburutwa chini huingiza uchafu kuliko ardhi yenyewe.

Chupa ya bakteria haisuuzwi. Ifunguliwe dakika ya mwisho, vidole visiguse mdomo wala ndani ya kifuniko, na kifuniko kisiwekwe chini.

Vipimo, kimoja kimoja

*Joto* lipimwe mtoni kwenyewe, kifaa kikae majini dakika mbili na kisomwe kikiwa bado majini. Ndoo ikikaa juani dakika kumi, namba imekwishapotea.

*Uangavu.* Tikisa sampuli, jaza bomba, simama ukiupa jua mgongo na kivuli chako kianguke juu ya bomba. Angalia kutoka juu. Punguza maji polepole kupitia tundu au mrija hadi duara lionekane kwa shida, soma sentimita. Wafanye watu watatu, chukueni namba ya kati. Miwani ya jua ivuliwe. Namba kubwa ni maji safi. Kama bomba la sentimita 60 limejaa na duara bado linaonekana, andika "zaidi ya 60", usiandike 60. Hiki ndicho kipimo ninachokiona chenye thamani kubwa kuliko bei yake kwenye bonde la Zigi, kwa sababu udongo mwekundu unaosombwa kutoka mashamba ya milimani na kwenye uchimbaji holela wa dhahabu huonekana hapa kabla ya pengine popote, na tope hilohilo ndilo linalojaza bwawa na kuongeza kazi ya kusafisha maji.

*Upitishaji umeme.* Chumvichumvi zikiwa nyingi, maji hupitisha umeme zaidi. Kipimo chake ni mikrosimensi kwa sentimita. Maji ya mvua huwa chini ya 50. Maji ya bahari ni karibu 50,000. Kalamu nyingi za bei nafuu zina kitufe cha kubadili kwenda miligramu za chumvichumvi kwa lita, na hapo ndipo klabu mbili hugombana: kalamu moja huzidisha kwa 0.5, nyingine kwa 0.7, hivyo kisima kilekile hupewa namba mbili. Andikeni mikrosimensi daima.

Kalamu ipimwe kila safari kwa maji ya kurekebishia ya 1,413, yaani maji ya dukani yanayojulikana kuwa na mikrosimensi 1,413. Hayapatikani? Yeyusha gramu 1 ya chumvi safi ya maabara kwenye lita 1 ya maji yaliyotoneshwa (distilled water). Kwenye nyuzijoto 25 itasoma karibu 2,000. Ikipotoka kwa zaidi ya sehemu moja ya ishirini, safisheni ncha kwa siki, suuzeni, mrekebishe upya.

*pH.* Karatasi zinatosha kuanzia. Chovya, kung'uta, subiri muda ulioandikwa kwenye kopo, soma kivulini. Wawili wasome bila kusikizana, ndipo walinganishe. Kabla ya hapo hakikisheni kila msomaji anatofautisha nyekundu na kijani vizuri, kwani wapo wasioweza na hawajui. Maji yanayopita kwenye mawe ya chokaa kama ya Amboni husogea juu ya 7 kwa asili yake. Maji laini ya vijito vya milimani yana kazi ngumu zaidi: chumvichumvi ni kidogo kiasi kwamba karatasi huchelewa kubadilika, basi iacheni majini dakika moja zaidi na muandike kwamba mmefanya hivyo. Mkipata kipimo cha betri, ncha yake ihifadhiwe kwenye maji yake maalumu ya chumvi ya kloridi ya potasiamu. Wengi huiweka kwenye maji yaliyotoneshwa wakidhani ni usafi, nayo huharibika.

*Nitrati* hutoka kwenye vyoo, samadi na mbolea. Chovya sekunde moja, subiri sekunde 60 kwa saa, si kwa kukisia. Someni kopo kwa makini: baadhi hupima nitrati yenyewe, baadhi hupima naitrojeni iliyomo ndani yake. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 50 za nitrati kwa lita, ambazo ni sawa na 11 hivi zikihesabiwa kama naitrojeni. Mkichanganya hizo mbili mtatangaza kisima kizuri kuwa kibaya, au vibaya zaidi, kibaya kuwa kizuri.

*Oksijeni iliyoyeyuka* inafaa sana chini ya maeneo yanayomwaga maji machafu, kwa mfano ya viwanda vya kusindika mkonge, kwani bakteria wanaoozesha mabaki hayo huila. Seti ya matone ina asidi kali, kwa hiyo mwalimu ndiye aishike. Chupa ijazwe hadi ifurike bila kiputo hata kimoja cha hewa, na dawa mbili za kwanza zitiwe palepale mtoni. Kwenye nyuzijoto 28 maji baridi hubeba takriban miligramu 7.8 kwa lita yakishiba. Yakishuka chini ya 5 samaki wengi huanza kutaabika.

*Bakteria.* Kuna chupa zenye karatasi iliyolishwa dawa, ambazo maji yenye bakteria wa kinyesi huzigeuza nyeusi kwa kutoa salfaidi ya hidrojeni. Nunueni zilizo tayari au muombe maabara iwatengenezee. Jazeni hadi alama, fungeni, wekeni gizani mahali penye nyuzijoto 25 hadi 35. Tanga hamhitaji mashine ya kutunzia joto. Kabati la darasa linatosha karibu mwaka mzima. Angalieni baada ya saa 24 na saa 48. Weusi ukitokea mapema, uchafu ni mwingi. Kila safari wekeni chupa moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa. Ikigeuka nyeusi, matokeo yote ya siku hiyo yafutwe.

Kipimo hiki kina mtego mmoja mkubwa pwani. Visima vilivyo karibu na mikoko au matope ya bahari huweza kuwa na harufu ya yai viza kutoka ardhini, yaani salfaidi ileile tunayoitafuta. Chupa itageuka nyeusi ndani ya dakika au saa chache bila kinyesi chochote. Kabla ya kujaza, nusa. Maji yakinuka hivyo, msitumie kipimo hiki; pelekeni sampuli maabara, ikiwa kwenye barafu na ndani ya saa sita.

Chupa zilizokwisha hazimwagwi hivihivi, zimejaa bakteria waliozalishwa. Tieni jiki, mililita 10 kwa kila mililita 100, acheni nusu saa, kisha mmwage chooni.

*Wadudu wa majini.* Kwa vijito vyenye mkondo na mawe, hiki hueleza afya ya wiki nyingi zilizopita na si ya saa ile tu. Shoneni kitambaa cha chandarua kwenye fremu ya waya ya sentimita 30. Mmoja ashike wavu chini ya mkondo, mwenzake asugue na kugeuza mawe mbele yake kwa dakika tano jumla, sehemu tofauti. Mimineni kwenye sinia jeupe. Tunutu wenye mikia mitatu na matamvua ubavuni, wenye mikia miwili na kucha mbili kila mguu, na wale wanaojijengea vijumba vya mchanga au vijiti, hawavumilii uchafu. Wakiwapo kwa wingi kijito kina hali nzuri. Tunutu wa kereng'ende na kaa wako katikati. Mkiona minyoo myekundu, ruba na konokono peke yao, oksijeni ina shida. Warudisheni wote majini. Karibu na bahari kipimo hiki hakifai, kwani chumvi pekee huwafukuza wale wazuri.

Fomu

Kila mstari uwe na jina la kituo, tarehe, saa, majina ya watu na kazi zao (mchotaji, msomaji, mwandishi), mvua ya saa 24 zilizopita, hali ya bahari, vipimo vyote pamoja na namba ya kifaa, na nafasi ya maoni. Saa iandikwe kwa mtindo wa 08:00. Ukiandika "saa 2", anayeingiza kwenye kompyuta ataweka 02:00, usiku wa manane. Namba iliyokosewa ikatwe kwa mstari mmoja na mpya iandikwe kando, isifutwe. Kila sampuli ya kumi ipimwe mara mbili na watu tofauti. Fomu ipigwe picha kabla ya kuondoka kituoni.

Kusoma namba kwa pamoja

Miezi mitatu ya kwanza msitoe hitimisho lolote. Mnajifunza kawaida ya kituo. Baada ya hapo choreni grafu kwenye manila, mvua juu na vipimo chini.

Chukueni swali la kisima chenye chumvi. Upitishaji umeme ukipanda hali nitrati imetulia, na ukipanda zaidi kiangazi watu wanapochota kwa wingi, bahari inaingia chini ya ardhi. Vikipanda vyote viwili na chupa ya bakteria ikawa nyeusi, angalieni umbali wa vyoo na mashimo ya maji taka. Nitrati pekee ikipanda baada ya mvua, ulizeni kuhusu mbolea na mifugo. Kijitoni, uangavu ukishuka kwenye vituo vyote viwili kwa pamoja, tope linatoka juu zaidi ya mtaa wenu. Ukishuka kwenye cha chini tu, chanzo kiko kati ya vituo hivyo viwili. Hizi ni dalili za kuongoza uchunguzi, na si ushahidi wa kumshtaki mtu.

Nani aambiwe, na lini

Chupa ya kisima ikigeuka nyeusi, rudieni ndani ya wiki. Wakati mnasubiri, mwenye kisima aambiwe faraghani na ashauriwe kuchemsha maji ya kunywa hadi yatokote kabisa, au kutumia vidonge vya klorini. Ikigeuka tena, mwalimu ampelekee afisa afya wa kata maandishi yenye tarehe, namba na namna mlivyopima. Picha ya chupa nyeusi isitumwe kwenye makundi ya WhatsApp: jina la kisima likishaharibika halirudi hata kisima kikitiwa dawa, na mlango huo hautafunguliwa tena kwa klabu.

Samaki wakifa mtoni, au maji yakibadilika rangi na harufu ghafla, msisubiri siku ya ratiba. Chukueni sampuli ya lita moja juu na chini ya mahali hapo, ijazeni bila hewa, iwekeni kwenye barafu, pigeni picha, na mwalimu aite mamlaka ya maji na ofisi ya bonde siku hiyohiyo. Kwa takwimu za kawaida, nakala ipelekwe ofisi hizo mara mbili kwa mwaka, baada ya masika na baada ya vuli, pamoja na maelezo ya vifaa. Nakala nyingine ibaki shuleni kwenye jalada lenye jina la mwalimu wa klabu na la mwalimu atakayempokea akihamishwa.